Panya Waliokunywa Maji Matamu

Vijana wa maabara waliniaga kwa keki. Miaka yangu yote ya kazi nimekuwa nikiwapima watu sukari, na siku ya kustaafu nikaletewa keki iliyopakwa sukari juu, jina langu limeandikwa kwa sukari ya rangi. Nilikula kipande nikashukuru. Halafu wakaniomba niwaandikie jinsi kazi ilivyokuwa kabla ya hizi mashine ambazo unazipa damu, unakwenda kunywa chai, unarudi unakuta majibu yameshachapishwa. Nimekubali. Habari za vyeo sitaandika, maana hazina faida kwa mtu mwengine. Nitaandika habari za Bwana Haji, za Dokta Nassor, na za panya.

Naitwa Zuhura Said. Nimezaliwa Kiponda, hapa Unguja mjini, katika nyumba ambayo ghorofa ya juu ilikuwa haikaliki kwa kuvuja. Babu zangu walikuwa na mashamba ya karafuu upande wa Kidichi. Nilipopata akili, baba alikuwa anauza khanga dukani kwa mtu, na habari ya mashamba ilikuwa ya kuzungumzwa siku ya Idi, chakula kikishaliwa. Alitaka niwe mwalimu. Nikaenda kusomea maabara kwa sababu rafiki yangu alikuwa anakwenda. Yeye aliacha baada ya muda mfupi, akaolewa. Miye nikabaki.

Nilianza kazi mwaka 1985, katika maabara ya hospitali hapa mjini. Chumba kilikuwa kirefu, dirisha linaelekea baharini, na darubini yetu haikuwa na taa. Ilikuwa na kioo kidogo chini yake. Unakigeuzageuza mpaka kikamate mwangaza wa jua. Wingu likipita, kazi inasimama. Mgonjwa akiuliza majibu yake yako wapi, unamwambia asubiri jua litoke, naye anadhani unamfanyia mzaha.

Mkuu wa meza yetu alikuwa Bwana Haji Makame. Mtu wa Tumbatu, mrefu, mtaratibu, kofia yake huikunja akaitia mfukoni mwa koti jeupe anapoingia kazini na kuivaa tena anapokwenda kusali. Ndugu zake wote walikuwa wavuvi. Akija mtu wa kwao kupimwa, wawili hao husemezana Kitumbatu mbio mbio, na sisi wa mjini tunabaki kuambulia neno moja moja. Nilimsalimu siku ile ya kwanza, "Shikamoo," akanijibu, "Marahaba, mwanangu," kisha bila kuniuliza nimesoma wapi akanipa kipimo cha mkojo.

Wengi wenu hamkukiona kipimo kile. Unatia dawa ya buluu kwenye tyubu ya kioo, unadondoshea mkojo, unachemsha juu ya taa ya spiriti. Ikibaki buluu, sukari hamna. Ikigeuka kijani, ipo kidogo. Ikiwa manjano, imezidi. Ikifika rangi ya tofali, mgonjwa anatafutwa haraka. Bwana Haji aliniambia jambo moja tu, kwamba nisimuelekezee mtu mdomo wa tyubu. Nilimsikia vizuri, nikauelekeza ukutani, na dawa ikachemka ikaruka yote. Doa la buluu lilikaa pale miaka, na kila mwanafunzi mpya alipokuja, Bwana Haji alimuonesha kama watu wanavyooneshwa picha ya harusi.

Alikuwa mkali katika kitu kimoja tu, nacho ni damu za kuongezewa wagonjwa. Kila kundi la damu lilipimwa na watu wawili, na wa pili hakuruhusiwa kuona majibu ya wa kwanza. Tulipokuwa na haraka tulilalamika. Yeye hutujibu kwamba mtu anayetaka haraka aende akauze mishikaki.

Kisa kilichonifanya nipende kazi hii kilitokea mwezi wa Ramadhani, alasiri. Aliletwa mtu mzima kutoka Uroa, ameshikwa na ndugu zake, anapiga kelele maneno yasiyoeleweka, jasho linamchuruzika. Ndugu walikuwa wameshakata shauri kwamba amepagawa, na hospitali wamekuja kwa kuwa ilikuwa njiani kuelekea kwa mganga. Daktari wa zamu aliomba damu ipimwe sukari. Tulipima kwa ile mashine ya zamani ya kusoma rangi. Sukari ilikuwa chini mno. Kumbe yule bwana alikuwa na kisukari, na alikuwa amekunywa vidonge vyake daku, akafunga, akaenda kufanya kazi juani. Alitiwa maji ya sukari kwa mshipa. Haukupita muda akafumbua macho, akatutazama mmoja mmoja, akauliza kama Magharibi imeshaadhiniwa. Alipoambiwa bado, na kwamba ametiwa maji mwilini, alihuzunika kwa funga yake kuliko kwa jengine lolote.

Bwana Haji alinieleza baadaye kuwa ubongo hauna ghala. Sukari ikikatika katika damu, ubongo unazimika kama jiko la mafuta. Nikauliza, na ikizidi? Akasema kuna mambo ya macho, na miguu, na figo. Kuhusu kichwa hakuwa na uhakika, tumuulize mwenye kusoma zaidi. Hilo lilikuwa zuri kwake. Asichokijua alisema hakijui, halafu akaendelea na kazi.

Mwenye kusoma zaidi alikuja miaka ya tisini ilipoanza. Dokta Nassor alikuwa kijana wa hapa hapa mjini, amerudi kutoka masomoni nje, na katika mizigo yake alileta makopo ya unga mweupe uliofanana na sukari ya kawaida. Ilikuwa ni sukari ya matunda, ambayo wataalamu huita fruktosi. Imo katika matunda na asali, na nusu ya sukari tunayotia kwenye chai ni hiyo. Alikuwa na fikra yake. Katika wodi aliwaona wagonjwa wa kisukari cha muda mrefu ambao akili zimepungua kasi: wanasahau dawa, wanapotea njia ya kwao. Alikuwa amesoma kwamba sukari ikizidi inaweza kuudhuru ubongo, na alitaka kuona kwa macho yake.

Alitukusanya akatueleza, na namna alivyotueleza ndivyo nilivyowaeleza watu mpaka nastaafu. Alianza kwa kuniuliza mafuta ya nazi yakiachwa wazi muda mrefu yanakuwaje.

"Yanachacha," nilisema.

"Yanachacha kwa sababu ya hewa. Basi ubongo sehemu yake kubwa ni mafuta, na hakuna kiungo kinachotumia hewa kwa pupa kama ubongo."

Akaendelea kwamba mwili unapotumia oksijeni hutoka vipande vikali, vinavyounguza kilicho karibu navyo. Mwili una vitu vyake vya kuvituliza, na siku zote mambo huwa sawa. Vipande vile vikizidi nguvu ya vitulizaji, mafuta ya ubongo nayo huanza kuchacha, na hali hiyo ndiyo inayoitwa mkazo wa oksidi. Suali lake lilikuwa dogo: mnyama akinywa sukari ya matunda nyingi, kila siku, ubongo wake utachacha zaidi kuliko wa mwenzake anayekunywa maji matupu? Njia ambayo sukari hupitia mpaka ikafanya hivyo alisema hakuijua vyema, na hakutaka kujifanya anaijua.

Panya weupe walikuja kwa boti kutoka Dar es Salaam, ndani ya boksi lenye matundu. Tuliwaweka katika stoo ya nyuma. Wa mabanda ya mkono wa kulia wakinywa maji matupu, wa mabanda ya mkono wa kushoto maji yaliyotiwa sukari ile. Chakula chao kimoja, pumba za mahindi na dagaa waliosagwa. Bwana Haji alijitolea kuwatia maji asubuhi, kwani alifika kazini kabla ya wote. Miye nilikuwa wa vipimo. Nyumbani mama alipata habari za panya kabla sijamwambia, na kuanzia hapo sikuruhusiwa kuingia jikoni mpaka nikoge. Mtaani ilienea kwamba Zuhura anapima ubongo kujua kama haluwa inatia wazimu. Muuza haluwa wa karibu na kwetu aliacha kuniitikia salamu kwa muda.

Kazi yenyewe haikuwa ya kupendeza. Panya akishalazwa kwa dawa asiamke, ubongo wake hutolewa na kusagwa katika baridi kali, kwani joto lenyewe linachachisha. Barafu tulichukua soko la samaki. Yule muuzaji alikuwa kila siku ananishauri nisinunue barafu kabla ya samaki, na miye nikawa namjibu samaki wapo. Baada ya kusaga, unatia asidi, unatia dawa nyengine yenye harufu ya kuudhi, unachemsha. Kama mafuta yamechacha, tyubu inatoka rangi ya waridi. Yakichacha zaidi, waridi inakolea. Umeme ukikatika katikati ya kuchemsha, unamwaga vyote na ubongo wa mnyama umepotea bure. Hilo lilinikera kuliko harufu.

Panya wa mwanzo tuliowapima walitoka vurugu. Baadhi ya tyubu za maji matupu zilikuwa na waridi iliyokolea, na baadhi ya zile za maji matamu zilikuwa hafifu. Dokta Nassor alishuku dawa. Kisha akashuku barafu. Kisha akaniuliza, kwa adabu, kama tyubu zinasuuzwa vizuri, na miye nikazisuuza tena zote mbele yake.

Asubuhi moja nilifika mapema nikamkuta Bwana Haji stoo. Amesimama baina ya mabanda, ana jagi kila mkono, anatazama mbele kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. Nilimsalimu akashtuka. Halafu akaanza kujaza chupa, na akazijaza zote, za kulia na za kushoto, kwa jagi moja.

Nilimwambia. Alicheka, akasema majagi yanafanana mno. Nikafunga uzi mwekundu kwenye jagi la maji matamu. Siku chache baadaye nikamkuta anafanya vile vile, na uzi upo, unaning'inia juu ya kidole chake.

Nilitaka kuamini kuwa ni uchovu. Bwana Haji alikuwa hajafika umri wa mtu kusahau, na ndiye aliyenifundisha kila kitu. Lakini wiki ile ile ikaja damu kutoka wodi ya wazazi. Mama aliyejifungua alikuwa amepoteza damu nyingi, anahitaji kuongezewa. Bwana Haji alipima kwanza akaandika, akafunika karatasi kama ilivyo sheria yake. Nilipima wa pili. Nilipata kundi O. Nikafunua karatasi yake, ameandika B.

Nilirudia. Nikarudia tena kwa dawa ya chupa mpya. Ni O. Kwa wasiokuwa wa kazi hii: mtu wa O akitiwa damu ya B, mwili wake unaipiga vita damu ile, naye anaweza kufa pale pale kitandani. Niliandika majibu sahihi, damu ya O ikatolewa, mama akatiwa akapona. Wodini hakuna aliyejua lolote. Kisha nikamfuata Bwana Haji kwenye dirisha, alipokuwa anakunywa soda.

"Bwana Haji, umeandika B. Ni O."

Alikichukua kigae cheupe nilichochanganyia damu na dawa, akakiinamisha kwenye mwangaza. Alikitazama muda mrefu.

"Nani kakwambia urudie?"

"Weye ndiye uliyenifundisha."

Aliweka chupa ya soda chini. "Umri, mwanangu," alisema. "Umri na kukosa usingizi. Nnaamka usiku kucha kwenda chooni."

"Basi nnaomba nikupime."

Alitoa kofia mfukoni, akaivaa, akaenda kusali Adhuhuri, na mchana ule hakurudi kazini.

Nilikaa pale najiuliza nifanye nini, lakini kwa kweli hapakuwa na la kujiuliza. Kesho yake kungekuwa na damu nyengine. Nilikwenda kwa Dokta Nassor nikamwambia yote, ya majagi na ya kigae. Nilihisi kama nimemshitaki baba yangu mzazi. Dokta alinisikiliza mpaka mwisho, akasema kuanzia kesho makundi ya damu yapimwe na miye na mwenzangu mmoja wa meza ya pili. Kisha akauliza Bwana Haji anakunywa maji mengi?

Hapo ndipo nilipoona kila kitu kwa pamoja. Soda zake asubuhi na mchana. Safari zake za chooni, ambazo tulikuwa tunamtania kwazo. Mkanda wake, ulioongezwa tundu kwa msumari. Tulikuwa chumba kizima cha watu ambao kazi yao ni kutafuta sukari katika mikojo ya watu, na aliyekaa katikati yetu hatukumuona.

Asubuhi iliyofuata nilikuta chupa za mkojo zimepangwa kwenye meza kama kawaida, za wagonjwa wa nje. Nilizipima kwa mpango. Moja ilipofika kwenye moto haikupita kijani wala manjano polepole. Ilikwenda moja kwa moja ikawa tofali. Nikashika karatasi iliyobandikwa kusoma jina. Mwandiko niliujua kabla ya jina. *Haji Makame Haji. Mwanamume. Maabara.*

Alikuwa amekaa kwenye benchi nje, pamoja na wagonjwa wengine, kofia kichwani, anasubiri aitwe. Nilitoka nikamwita kama ninavyowaita wote.

"Naam," akaitika, akasimama.

Damu yake ilipopimwa, sukari ilikuwa juu kupita kiasi, na mwili umekauka maji. Alilazwa siku ile ile. Mkewe, Bi Mize, alikuja kutoka Mpendae na chupa ya chai, chai yenyewe tamu kama shira, na Dokta Nassor akaizuia mlangoni. Bi Mize hakuelewa. Kwake yeye kumpelekea mgonjwa chai isiyo sukari ni kumtangazia kuwa umemchoka. Aliondoka na chupa yake amekasirika, na kwa muda mrefu alinihesabu miye katika waliomtesa mumewe.

Wakati Bwana Haji amelazwa, Dokta Nassor alinitaka tukae tuzungumze habari za panya. Hatukuweza tena kujua panya yupi alikunywa maji gani. Nilitegemea atasema tuchague tyubu zinazoelekea kuwa sawa. Alizikusanya karatasi zote za vipimo vile, akazichana, akasema tuanze upya kwa panya waliobaki, wachache kama walivyo, na kwa kopo la mwisho la sukari. Maji nitatia miye. Nilimheshimu zaidi kwa kuchana zile karatasi kuliko kwa shahada zake.

Tulianza upya. Bwana Haji alitoka hospitali akiwa na sindano zake, baadaye akabadilishiwa vidonge. Alirudi kazini amekonda lakini macho yamechangamka. Alikaa meza ya darubini, kwenye kazi isiyoua mtu ikikosewa, na hakuuliza kwa nini. Majina ya watu yalianza kumrudia. Siku moja alinikumbusha, neno kwa neno, jambo nililomwambia mwaka nilioolewa, nami nikaingia stoo nikalia kidogo mbele ya panya.

Ilipofika wakati wa vipimo vya mwisho alikuja akasimama nyuma yangu. Umeme ulikuwepo, kwa bahati. Nilizitoa tyubu kwenye maji ya moto nikazipanga kwenye kibao chenye matundu, za maji matupu upande huu, za maji matamu upande wa pili. Hata bila ya mashine ya kusoma rangi mtu aliweza kuona. Si zote, lakini nyingi ya zile za maji matamu zilikuwa na waridi ya kukolea, na zile nyengine zilikuwa hafifu kama maji yaliyosuuziwa kitambaa. Dokta Nassor akaanza kusoma namba kwenye mashine, nami naziandika.

Bwana Haji aliinama akazitazama. Kisha akamuuliza Dokta, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Na ubongo wangu ungetoa rangi gani?"

Dokta Nassor aliacha mashine. Angeweza kumjibu kwa upole usiokuwa na maana, na wengine wetu tungependelea hivyo.

"Sijui, Bwana Haji. Na anayekwambia anajua, anakudanganya. Hawa panya wamekunywa sukari nyingi kuliko anayoweza kula mtu, tena sukari ya aina moja. Weye ulikuwa na kisukari bila ya tiba, mwili umekauka, hulali. Kuchanganyikiwa kwako kwingi kulitokana na hayo, na ndiyo maana umerudi."

"Na kulikobaki?"

"Kupo kulikobaki?"

Bwana Haji alifikiri. Akasema kwamba kupo. Akisoma majibu ya damu anaelewa kila kitu, lakini akigeuza uso kuandika, lile jibu linachelewa kufika mkononi. Si kila siku. Ila yeye hawezi kujua mapema siku ipi itakuwa na ipi haitakuwa.

"Hilo huenda likaondoka, huenda likabaki," alisema Dokta. "Tutaangalia sukari yako, na tutasubiri."

"Nyie subirini," alisema Bwana Haji. "Miye damu za watu sizigusi tena."

Alikwenda mwenyewe kwa mkuu wa hospitali akalisema hilo, na sababu yake, mbele ya watu. Mkuu alikuwa tayari kumrejesha mezani kwake baada ya miezi michache ya kupumzika, lakini yeye alikataa. Akaomba apewe wanafunzi. Nyinyi mliofundishwa naye mnajua yaliyofuata. Mnajua alivyokuwa akisimama karibu yenu bila ya kushika chombo, mikono nyuma, akiuliza tu: sasa unafanya nini, na kwa nini. Baadhi yenu mlidhani ni uvivu wa wakubwa. Alikuwa na haki ya kuwaeleza au kutowaeleza, na kwa kuwa aliniruhusu kabla hajafa, nawaeleza miye.

Vipimo vyetu havikuchapishwa popote. Dokta Nassor aliwasomea madaktari wenzake katika mkutano wa hospitali, akawaambia mwenyewe kwamba panya walikuwa wachache mno na kwamba haya ni ya kutufanya tuulize zaidi, si ya kumtisha mtu. Mtu mmoja aliuliza kama basi tuache kula maembe. Dokta alimjibu kwamba embe lina maji na nyuzi zake na linamshibisha mlaji, na hajawahi kumuona mtu akila maembe usiku na mchana kama panya wetu walivyokunywa. Mwenye kutaka kuacha kitu aanze na soda. Baadaye alihamia bara kufundisha. Alinipa mashine yake ya kusoma rangi, aliyokuja nayo kutoka nje, ambayo hata sasa ipo kabatini, na tafadhali msiitupe.

Miaka iliyofuata kazi ilibadilika. Vilikuja vipimo vya kidole, tone moja tu, na jibu kabla mgonjwa hajamaliza kulalamika. Tulianzisha siku ya kliniki ya kisukari, na mara kwa mara tulikwenda vijijini, Uroa, Kidichi, Nungwi, tunaweka meza skuli na watu wanapanga foleni. Kote nilikokwenda walinijia na masuali yale yale. Dafu linaruhusiwa? Tende? Je, asali, si dawa? Niliwajibu kadri nilivyojua. Walipouliza kuhusu kichwa, niliwapa habari ya mafuta ya nazi, nikaongeza kuwa hili tumeliona kwa panya, na kwa binadamu, wenye elimu bado wanatafuta. Watu hupenda uwaambie kwa uhakika. Wauza dawa za miti shamba waliopanga meza karibu na yetu walikuwa na uhakika mwingi, na foleni yao ilikuwa ndefu kuliko yangu.

Bwana Haji alistaafu kabla ya mwaka elfu mbili, akaishi Mpendae na miguu yake yote miwili na macho yake, jambo ambalo si dogo kwa ugonjwa ule. Nilikuwa nikenda kumpima sukari pale nyumbani. Siku nyengine alikuwa makini kama zamani, ananihoji kuhusu dawa mpya. Siku nyengine aliniuliza suali moja mara mbili, nami nikamjibu mara mbili. Hakuna aliyeweza kutuambia kama ile ilikuwa sukari ya zamani, au uzee, au vyote. Yeye mwenyewe aliacha kuuliza.

Alifariki miaka michache baadaye, kwa homa ya mapafu, watoto wake wote wapo. Nilikwenda kwenye hitima. Wanawake tulikaa ukumbini, kisomo kikaisha, ikaletwa chai. Bi Mize alikuja nayo mwenyewe, amejifunga khanga, birika mkono mmoja. Chai ilikuwa na tangawizi na iliki, na haikutiwa sukari. Sukari aliiweka katika bakuli dogo na kijiko chake, katikati ya mkeka, kila mtu ajitilie anachotaka. Sikuwahi kuona hivyo kwenye hitima ya mtu Unguja hii. Mama mmoja karibu yangu alinong'ona kuwa ni ubahili, tena kwa marehemu mwenyewe. Bi Mize alimsikia. Alikuja mpaka nilipokaa, akaniinamia, akanimiminia.

"Hii ndiyo chai aliyokunywa mume wangu miaka yote hii," alisema. "Onja, Zuhura. Mwanzo nilikuwa nikilia nikimpikia."

Nilikunywa kikombe kizima, nikamuomba cha pili.